Mmea usiotaka kuzikwa

Asubuhi hii, kabla sijaondoa kitambaa kinachofunika cherehani, nimehesabu tena majani ya anubiasi yangu, mmea wa majini unaoishi kwenye tangi la kioo kando yangu. Yamefika saba. La saba bado limejiviringa kama karatasi, kijani changa kinachong'aa, na ukilitazama kwa ubavu utaona ukingo mmoja umeanza kuachia. Siku nilipoufunga mmea huu kwenye gogo ulikuwa na majani matatu, na sasa ni miezi mitano. Kila jani lilipofunguka niliandika tarehe kwenye daftari lile lile la vipimo vya wateja, ukurasa wa mwisho.

Wateja wengi wananiuliza kuhusu tangi hili. Wakilitazama wanatafuta samaki, hawaoni, wanauliza mimea ile ni ya plastiki? Si ya plastiki. Ni hai, ila inakwenda kwa mwendo wake. Nikiwa na futi shingoni sipati nafasi ya kueleza yote, kwa hiyo naeleza hapa.

Tangi lenyewe ni dogo: urefu sentimita 40, upana 25, kimo 25. Ukizidisha unapata lita 25, lakini ukitoa nafasi ya mawe, gogo, kokoto na zile sentimita mbili tatu ninazoacha juu, maji halisi ni kama lita 20. Nililiweka kwenye kabati fupi la mbao, mkono wa kushoto wa cherehani. Meza ya cherehani nisingethubutu. Kila lita ya maji ni kilo nzima, na kioo hakipendi kutetemeshwa kutwa. Kabati nililipima kwa pima maji, nikatia kipande cha kadibodi chini ya mguu mmoja hadi likatulia sawa. Dirisha liko upande wa pili wa chumba, na hilo nililikusudia: jua likipiga moja kwa moja kwenye tangi dogo, mwani, ule utando wa kijani wa majini, hausubiri kualikwa.

Mmea wa kwanza nilipewa na rafiki aliyekuwa akipunguza mimea kwenye tangi lake kubwa. Alinifungia kwenye mfuko wenye maji, nikafika nao, nikafanya kile ambacho mikono yangu ilijua kufanya na mche wowote: nikachimba shimo kwenye kokoto, nikausimamisha, nikafukia mpaka shina lote likapotea. Ulipendeza sana. Majani tisa yalisimama wima, na mimi nikaona nimemaliza kazi.

Wiki ya tatu jani moja likaelea juu. Nililiokota nikadhani konokono amelikata, lakini kikonyo chake kilikuwa kizima hadi mwisho, kimechomoka kwenye shina kama kitufe kinachotoka kwenye tundu lake. Kesho yake jingine. Siku ya tatu nikaligusa tu jani la pembeni kwa ncha ya kibano, likaja lenyewe. Nikaingiza vidole kwenye kokoto nikaufukua mmea. Shina lilikuwa limegeuka kahawia na kulainika kama sabuni iliyosahauliwa ndani ya ndoo, na harufu iliyotoka ilikuwa ya tope lililofungiwa bila hewa.

Shina hilo linaitwa raizomu. Ukiwahi kushika tangawizi mbichi umeshika raizomu: shina linalolala, nene, lenye pingili, linalokwenda mbele kwa ncha yake huku likitoa majani juu na mizizi chini. Tangawizi inakaa ardhini na inaridhika. Anubiasi haiko hivyo. Kwao, kwenye vijito vya misitu ya Afrika Magharibi na ya Kati, inashika juu ya mawe na mizizi ya miti, mara nyingi majani yakiwa hewani na miguu majini, na raizomu yake iko wazi, maji yakiipitia. Ukiifukia kwenye kokoto ambako maji hayatembei, inakosa hewa, bakteria wanaiingia, inaoza kuanzia chini. Mizizi ukiifukia hakuna tatizo. Raizomu yenyewe haizikwi. Ningeomba kila anayempa mwenzake anubiasi aseme maneno hayo kabla ya kumkabidhi mfuko.

Nililaza mmea kwenye ubao wa kukatia nikachukua wembe mpya. Nilikata sentimita moja, ndani bado kahawia. Nikakata tena. Pale nilipofika kwenye nyama ngumu yenye rangi ya maziwa yaliyochanganyika na kijani, nikasimama. Kilichobaki ni kipande kifupi kuliko kidole changu cha mwisho, kina majani matatu na ncha.

Msichana ninayemfundisha kushona alikuwa amesimama pembeni na pasi.

"Fundi, hicho si cha kutupa?"

"Kishike. Kigumu au laini?"

Alikibonyeza kwa gumba. "Kigumu."

"Basi ni kizima. Niletee uzi wa pamba, ule mweusi."

Hapa naomba nikae kidogo, maana uzi ni kazi yangu. Watu wengi wanafunga mimea hii kwa mshipi wa nailoni au kwa uzi wowote waliokuta nyumbani, na nyuzi nyingi za nyumbani siku hizi ni poliesta. Poliesta haiozi. Ukiifunga inabaki pale hadi uikate, na raizomu ikinenepa uzi unaizamia kama pete iliyobana kidole. Pamba ni selulosi tupu. Majini bakteria wanaila polepole, na baada ya wiki kadhaa inakatika yenyewe. Kama hujui uzi wako ni upi, choma ncha yake kwa kiberiti: pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu jepesi, poliesta inayeyuka na kuacha kishanga kigumu. Na rangi iwe iliyoshika vizuri. Mimi niliulowesha uzi kwenye maji moto usiku mzima, asubuhi maji yalikuwa meupe, ndipo nikautumia.

Gogo nililichagua lenye mfereji wa asili katikati. Lilikuwa limeloweshwa wiki tatu kwa sababu gogo kavu linaelea, na pia linatoa ile rangi ya chai ambayo haidhuru kitu ila inapunguza mwanga. Nikaulaza mmea kwenye mfereji, mizizi ikining'inia pande mbili, ncha ikielekea upande wenye nafasi, kwani huko ndiko utakakokwenda miaka yote ijayo. Nikazungusha uzi mara nne, nikipita katikati ya vikonyo na si juu yake. Ukazaji ni ule wa shingo ya kifungo cha koti: unazungusha hadi kifungo kisichezecheze, basi. Uzi unaoacha alama kwenye kitambaa umekazwa kupita kiasi, na kwenye raizomu ni hivyo hivyo. Fundo nikalificha chini ya gogo. Kazi nzima haikuchukua dakika kumi, na mmea ulikuwa umefunikwa kitambaa kibichi muda wote majani yasikauke.

Wiki ya saba uzi ulikatika. Niliona kipande kimoja kikielea kama unywele. Nikabonyeza mmea kwa kidole, haukusogea. Mizizi mitatu ilikuwa imelala juu ya gogo, bapa, imegandamana na kila bonde la ule mti.

Kwa vipande vidogo mno visivyofungika, natumia gundi kali ile ya jeli, ya sianoakrilati. Hiyo inashika kwa unyevu wenyewe, kwa hiyo jiwe likiwa na maji kidogo si kikwazo. Tone moja dogo kwenye mizizi au chini ya raizomu, mbali na ncha ya kukulia, unabonyeza nusu dakika, unarudisha majini. Linaacha doa jeupe ambalo linafifia likifunikwa na uchafu wa kawaida wa tangi. Sipendi sura yake, lakini kwa busefalandra, mmea mwingine mdogo wa raizomu, iliyo fupi kama punje mbili za mahindi, hakuna njia nyingine.

Nikishataja busefalandra inabidi nieleze nimeweka nini na nini. Anubiasi ndiyo mama wa tangi, ile fupi, Anubias barteri var. nana. Jina la anubiasi lilitolewa mwaka 1857 na Heinrich Wilhelm Schott, mtaalamu wa mimea wa Austria, kutokana na Anubis, mungu wa wafu wa Wamisri wa kale mwenye kichwa cha mbweha, kwa kuwa mimea hii inaishi kivulini. Nyuma yake, juu ya jiwe refu, kuna kangaga la Java, ambalo kwao ni vijito vya Asia ya Kusini-Mashariki. Mbele kabisa kuna busefalandra mbili za Borneo, kisiwa pekee zinakoota porini, majani yake madogo yana mng'ao wa buluu ukiyatazama kwa pembe fulani. Nilitaka pia bolbitisi, lile kangaga la Kiafrika lenye majani yaliyochanika kama manyoya, nikaliacha kwa sababu likikua linataka nafasi ambayo sentimita 25 haziwezi kulipa. Mawe niliyajaribu kwanza kwa siki: jiwe lililotoa povu nililitoa, maana lina chokaa na lingeendelea kubadilisha maji kila siku.

Sasa jambo ambalo nililichelewa kuelewa, na ndilo hasa lililonifanya niandike.

Mmea unaokua haraka unakusamehe. Ukiharibu jani leo, kesho kutwa una matatu mapya, unakata la zamani unasahau. Jani la anubiasi hukaa. Likitunzwa huweza kupita mwaka likiwa pale pale, kwa hiyo kila unachokifanya kwenye tangi kinaandikwa juu yake na kinabaki. Mimi nina ushahidi: jani la nne. Lilifunguka wiki ya tano, safi, zuri kuliko yote. Wiki ya nane nikaingiwa na haraka. Niliona mmea mwepesi ungekuwa umeshajaza tangi, nikaongeza saa za taa kutoka sita hadi kumi, nikidhani mwanga zaidi ni majani zaidi. Anubiasi haikuongeza hata jani moja. Haina uwezo wa kuutumia mwanga wote ule, na uliobaki ulichukuliwa na mwani. Kwanza vikaja vitone vya kijani, vigumu, vilivyoganda kwenye kioo na kwenye majani. Kwenye kioo unavikwangua kwa wembe. Kwenye jani huwezi kukwangua bila kulijeruhi. Kisha kwenye ukingo wa jani la nne ikaota ile ndevu nyeusi, nyuzi fupi zilizosimama kama mswaki.

Ndevu hiyo, ingawa ni nyeusi, ni jamii ya mwani mwekundu, na ikifa inaonyesha asili yake kwa kugeuka waridi. Nilitoa gogo zima kwenye maji, nikapaka haidrojeni peroksidi ya asilimia 3 kwa pamba ya masikio, juu ya ukingo ule tu, nikasubiri dakika tatu, nikasuuza vizuri nikarudisha. Siku ya tatu ndevu zilikuwa na rangi ya waridi, wiki ya pili hazipo. Ukingo wa jani lakini umebaki na makovu, na vitone vya kijani bado vipo juu yake hadi leo. Silikati. Linafanya kazi yake ya kulisha raizomu, na nikilitoa mmea utalipa gharama ya wiki tano kulirudisha.

Taa imerudi saa sita, kwa swichi ya saa ili isitegemee kumbukumbu yangu. Gogo nimeligeuza kidogo ili tawi lake litie kivuli juu ya anubiasi. Na juu ya maji nimeweka magugu yanayoelea, salvinia, ambayo yanakua upesi sana na kila Jumamosi natoa ngumi moja. Hayo ndiyo yanayokula virutubisho ambavyo mimea ya polepole inaviacha. Ningejua, ningeyaweka siku ya kwanza. Tangi jipya lenye mimea ya raizomu peke yake halina mtu wa kunywa amonia na nitrati, zinazotokana na uchafu unaooza majini, na mwani unajua hivyo kabla yako.

Kuhusu maji: bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, na nitriti kuwa nitrati, wanahitaji wiki kadhaa kukaa sawa, mara nyingi nne hadi sita. Nilisubiri miezi miwili ndipo nikaingiza uduvi wekundu kumi, vipimo vikionyesha amonia sifuri na nitriti sifuri. Kichujio ni cha sponji, kinachoendeshwa na pampu ndogo ya hewa, kwa sababu hakiwezi kumnyonya mtoto wa uduvi. Kila wiki nabadilisha lita nne. Mbolea ya maji naitoa nusu ya kipimo kilichoandikwa, na kabla ya kununua nilisoma kama ina shaba kiasi gani, kwani shaba inaua uduvi mapema.

Kangaga la Java lilinipa hofu ya bure. Chini ya majani yake yaliyokomaa yalitokea mafundo madogo ya kahawia, mistari miwili iliyopangika, nikadhani ni ugonjwa nikakata majani mawili. Yalikuwa makundi ya vijimbegu, ndiyo uzazi wa kangaga. Siku hizi nayaacha, na kwenye ncha ya jani moja kumeota kangaga mtoto mzima, mwenye majani manne na mizizi myeusi kama nyuzi, angali ameng'ang'ania kwa mama yake. Tundu ndogondogo kwenye majani ndizo za kuangalia. Kwangu zilikuwa za upungufu wa potasiamu, majani mapya yalikuja bila tundu nilipoongeza.

Busefalandra ndiyo iliyonifundisha kutoamini macho. Wiki moja baada ya kuiweka, majani yote yakayeyuka. Si kukauka wala kugeuka njano: yalikuwa angavu kama kioo, halafu hayapo. Mashamba mengi yanaikuza mimea hii hewani, kwenye unyevu mwingi, si ndani ya maji, na inapozamishwa inaweza kuyaacha majani ya hewani na kutengeneza mengine. Nilibaki na jiwe lenye vijiti viwili vitupu. Kila Ijumaa nilivibonyeza. Vigumu. Sikuvisogeza, sikuongeza mbolea, sikuongeza taa, na nakiri kwamba kutofanya kitu kulinigharimu kuliko kazi yoyote niliyoifanya kwenye tangi hili. Wiki ya sita kwenye kijiti cha kushoto palitokea nukta nyekundu iliyokolea, ndogo kuliko kichwa cha pini. Yule msichana aliiona kabla yangu. Aliacha mkasi katikati ya kitambaa, jambo nililomkataza mara nyingi, akaniita, na siku hiyo sikumsema.

Leo kijiti hicho kina majani matano, cha kulia kina mawili. Uduvi wameshazaa, watoto wao hawazidi urefu wa mshono mmoja, na hukaa juu ya majani mapana ya anubiasi wakichokonoa utando usioonekana, mguu mmoja baada ya mwingine, bila kupumzika. Sasa hivi yuko mmoja juu ya jani la nne, kwenye makovu yale. Jani la saba litafunguka kabla ya Jumapili, kwa ninavyoliona. Likishafunguka nitaandika tarehe, na baada ya hapo raizomu itakuwa na urefu wa kutosha kukatwa vipande viwili, majani manne huku, matatu kule. Kipande cha nyuma nimeshakiahidi. Msichana ananunua tangi mwisho wa mwezi, na uzi wa pamba ameshaulowesha.